SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: SILENSA ISIYOSHUKA NA VIHISIO VINAVYOSINGIZIWA



Katika wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa pikapu ya chama si gari la anasa. Ndiyo inayofuata magunia ya kahawa ya maganda mahali ambapo lori halifiki, ndiyo inayopeleka miche na magunia matupu, ndiyo inayompeleka Mhasibu benki, na mara nyingine ndiyo inayomwahisha mgonjwa hospitalini usiku. Kwa hiyo gharama zake hupita mezani kwa Katibu karibu kila mwezi. Katika kukagua vitabu vya vyama nimeona kwamba ni vifungu vichache vinavyopanda kimyakimya kama kile cha "matengenezo ya gari".

Somo la toleo hili lahusu ugonjwa mmoja wa pikapu za petroli zenye kompyuta: injini kunguruma kwa nguvu ingawa dereva hakukanyaga mafuta, huku taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi na fundi akisema kwamba kihisio fulani kimekufa. Somo halikusudii kumfanya Katibu awe fundi. Lakusudia kumwezesha kuuliza maswali yanayofaa kabla hajatia sahihi hati ya malipo. Shabaha yetu ni moja: chama kisinunue kipuri kabla ya kuthibitishwa kwa kipimo kwamba kilichopo ni kibovu.

1. Maana ya silensa

Mafundi wetu huita "silensa" ile kasi ya injini inapozunguka yenyewe, gari likiwa limesimama na mguu wa dereva haupo kwenye kanyagio la mafuta. Injini nyingi za pikapu za petroli zikishapata moto huzunguka kati ya mara 650 na 850 kwa dakika. Asubuhi injini ikiwa baridi ni haki yake kuzunguka zaidi, yapata mara 1,200 hadi 1,500, kisha kushuka polepole kadiri maji yanavyopata moto. Basi silensa ya juu kwa dakika chache za alfajiri si ugonjwa. Ugonjwa ni ile isiyoshuka baada ya injini kupata moto, au ile inayopanda na kushuka bila kutulia, kama mtu anayekanyaga na kuachia.

Hasara yake ni ya namna tatu. Kwanza, petroli. Tuchukulie kwamba injini yenye afya hutumia lita 1 kwa saa ikiwa imetulia, na ile yenye silensa ya juu hutumia lita 2. Pikapu inayosubiri mizigo ikiwa inawaka kwa jumla ya saa 2 kila siku, kwa siku 25 za mwezi wa msimu, itakuwa imepoteza lita 50 bila kusogea hata hatua moja. Pili, klachi na breki huchakaa upesi, kwa sababu gari linajisukuma lenyewe wakati dereva anataka litulie. Tatu, na kubwa kuliko zote, ni usalama wa watu mteremkoni. Jambo hili tutalieleza katika sehemu ya 5.

2. Milango mitatu ya hewa

Mwendo wa injini ya petroli hutawaliwa na hewa. Dereva anapokanyaga mafuta, kwa kweli anafungua mlango wa hewa. Kompyuta hupima hewa iliyoingia na kuziamuru nozeli zimwage petroli inayolingana nayo. Kwa hiyo injini inaponguruma bila kukanyagwa, swali la kwanza ni hili: hewa inapita wapi?

Milango ni mitatu. Mlango mkuu ni kipepeo, yaani kile kibati cha duara kilichomo ndani ya koo la hewa, kinachofunguliwa na kanyagio. Mlango wa pili ni mdogo: ni vali ya silensa, ambayo kompyuta huifungua na kuifunga kidogokidogo ili injini isizimike. Katika magari mapya kazi hiyo hufanywa na kipepeo chenyewe kinachoendeshwa na mota ya umeme. Mlango wa tatu haukujengwa na kiwanda. Ni mlango wa wizi: mpira uliopasuka, klempu iliyolegea, au gasketi iliyoungua, panapopenya hewa isiyoruhusiwa.

Matokeo ya mlango wa wizi hutegemea namna injini inavyopima hewa. Zipo injini zinazopima mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi. Hizi hewa ya wizi ikiingia, kompyuta huiona, huongeza petroli, na silensa hupanda. Zipo nyingine zinazopima hewa pale inapopita baada ya kichujio. Hizi haziioni hewa iliyoingilia mbele ya kipimo, hivyo mchanganyiko hupungukiwa petroli na injini huyumba. Aidha, mizunguko ikizidi mno wakati kanyagio limeachiwa, kompyuta hukata petroli. Mizunguko ikishuka, huirudisha. Huo ndio mchezo wa kupanda na kushuka ambao madereva wengi wameuona.

3. Kihisio ni karani wa mizani

Kihisio, ambacho mafundi hukiita sensa, ni kifaa kidogo kinachopeleka habari kwenye kompyuta. Kimoja hueleza joto la maji, kingine jinsi kipepeo kilivyofunguka, kingine mgandamizo wa hewa. Kazi yake yafanana na ile ya karani wa mizani ghalani. Karani akitangaza kwamba gunia limepungua uzito, hatumfukuzi kazi papo hapo. Twatazama kama gunia limetoboka, kama kahawa ni mbichi, kama mizani imekaa sawasawa. Tukimaliza hayo yote ndipo tumkague karani.

Ndivyo ilivyo kwa taa ya injini. Taa ikiwaka, kompyuta imehifadhi namba ya hitilafu. Namba hiyo ni shahidi, si hakimu. Tutazame mifano ya namba zinazotumika katika magari mengi ya kisasa. P0507 maana yake ni silensa kuwa juu kuliko ilivyoamriwa. Haisemi nani ameipandisha. P0171 maana yake ni mchanganyiko kupungukiwa petroli. Chanzo chaweza kuwa hewa ya wizi, pampu dhaifu au nozeli zilizoziba. P0128 maana yake ni injini kuchelewa kupata moto. Mara nyingi ni thamostati. P0118 maana yake ni umeme wa kihisio cha joto la maji kuwa juu mno. Chaweza kuwa kihisio, lakini plagi yake iliyochomoka au waya uliokatika huleta namba hiyohiyo.

Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990, namba husomwa kwa kuunganisha matundu mawili ya kisanduku cha uchunguzi, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa. Taa humeta: mara mbili, kituo kifupi, kisha mara mbili tena, ndiyo namba 22, yaani njia ya umeme ya kihisio cha joto la maji. Namba 41 ni ya kihisio cha kipepeo. Taa ikimeta mfululizo kwa vipindi sawa, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Kazi hii ifanywe kwa kutazama kitabu cha gari husika, kwa maana kuunganisha matundu yasiyo yenyewe huweza kuunguza fyuzi.

Kanuni moja ya kushika: namba za vihisio viwili au vitatu zikitokea kwa pamoja, usikubali kununua vihisio vitatu. Vihisio vingi hulishwa umeme wa volti 5 kutoka waya mmoja, na hurudisha umeme kwa waya mwingine mmoja. Waya huo ukichunika, au kihisio kimoja kikipiga shoti, vyote huonekana wagonjwa. Vihisio vitatu havifi siku moja.

4. Mfano kutoka katika ukaguzi

Katika chama kimoja cha msingi, ambacho hakuna haja ya kukitaja, jalada la gari lilikuwa na hati tatu za malipo katika msimu mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya kihisio cha joto la maji, ya pili ya kihisio cha kipepeo, ya tatu ya vali ya silensa. Kila hati ilikuwa na stakabadhi, kila moja ilikuwa na sahihi zote zinazotakiwa, na hesabu zililingana. Kwa macho ya kitabu hapakuwa na kosa. Lakini gari lilikuwa likinguruma vilevile, na namba iliyosomwa ilikuwa ileile, P0507.

Kitabu kilichotoa jibu hakikuwa leja, bali daftari la safari. Katika juma lile ambalo dereva aliandika kwa mara ya kwanza "silensa juu", aliandika pia, siku mbili baadaye, "breki zimekuwa ngumu". Hakuna aliyeyasoma maneno hayo mawili kwa pamoja. Fundi mwingine alipoitwa, hakuleta kipuri chochote. Alibana kwa koleo ule mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye busta ya breki, na silensa ikashuka mara moja. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuchukulie kwamba kila kipuri pamoja na ufundi kiligharimu shilingi 150,000. Vitatu ni shilingi 450,000. Mpira na klempu zake tuchukulie ni shilingi 15,000. Tofauti ni shilingi 435,000. Ikiwa bei ya kilo moja ya maganda katika msimu huo ni shilingi 3,000, tofauti hiyo ni kilo 145 za kahawa. Mkulima aliyezichuma, akazianika, akazigeuza juani na kuzibeba hadi ghalani anayo haki ya kuuliza zimekwenda wapi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulikuwa wa mpira, na ukuta ulijengwa mara tatu mahali pasipo na ufa.

5. Utaratibu wa uchunguzi

Utaratibu ufuatao umepangwa kuanzia mambo yasiyo na gharama hadi yenye gharama. Fundi mwaminifu hataudhika akiombwa aufuate. Kabla ya kuanza, breki ya mkono ivutwe, gia iwe huru, magurudumu yawekewe vizuizi, na nguo zinazoning'inia zisiwe karibu na feni.

Hatua ya kwanza: kuuliza na kuandika. Je, silensa iko juu asubuhi tu au wakati wote? Ilianza baada ya tukio gani: kuosha injini, kubadili betri, kutengeneza rejeta? Breki, maji na taa zikoje? Namba za hitilafu zisomwe na kuandikwa kabla ya kuchomoa waya wa betri, kwa sababu ukiuchomoa ushahidi hufutika.

Hatua ya pili: mlango mkuu. Tazama kama zulia la sakafuni halilali juu ya kanyagio. Kama gari lina waya wa kuvuta kipepeo, waya huo uwe na ulegevu kidogo na usikwame. Kisha injini ikiwa imezimwa, mpira wa kuingizia hewa uondolewe na koo la hewa litazamwe. Vumbi jekundu la barabara zetu likichanganyika na mvuke wa oili hujenga utando mweusi unaozuia kipepeo kufunga. Usafishwe kwa dawa yake na kitambaa laini. Kipepeo kinachoendeshwa na mota kisisukumwe kwa nguvu ya kidole. Aidha, skrubu ndogo ya kukizuia kipepeo, iliyowekwa na kiwanda, isiguswe. Fundi anayeishusha silensa kwa kukorofisha skrubu hiyo ameficha ugonjwa, hakuuponya.

Hatua ya tatu: maji. Wengi hushangaa kusikia kwamba maji pungufu ya rejeta hupandisha silensa, lakini ndivyo ilivyo. Kihisio cha joto kikizungukwa na hewa badala ya maji hutoa habari ya uongo. Tena katika magari mengi ya zamani ipo vali ya silensa ya baridi inayofungwa kwa joto la maji yanayoipitia. Maji yasipofika, au vijia vyake vikiziba kwa kutu, hubaki wazi siku nzima. Rejeta isifunguliwe injini ikiwa ya moto. Ikishapoa, ijazwe kulanti, hewa itolewe, na ichunguzwe maji yanapotelea wapi.

Hapo pia iulizwe habari ya thamostati. Wapo wanaoing'oa ili injini isichemke. Matokeo yake ni kwamba katika asubuhi zetu za baridi injini haipati joto lake, kompyuta hudhani bado ni alfajiri, na petroli huongezwa safari nzima. Thamostati irudishwe, na kama injini huchemka, kitafutwe kinachoichemsha.

Hatua ya nne: mlango wa wizi. Injini ikiwa ya moto na inanguruma, kila mpira unaotoka kwenye manifoldi ubanwe mmoja baada ya mwingine kwa koleo lililofungwa kitambaa. Ule ambao ukibanwa silensa inashuka, ndio wenye habari. Viungo vya gasketi hunyunyiziwa maji kidogo kwa chupa, mbali na nyaya za plagi. Mlio ukibadilika, hapo pana tundu. Tunakataza kabisa kunyunyizia petroli juu ya injini ya moto, kama wafanyavyo baadhi ya watu. Moto wa namna hiyo hauulizi gari ni la nani.

Mpira wa busta ya breki uchunguzwe hata kama tundu jingine limekwisha patikana. Busta hutumia mvuto wa hewa wa injini kumsaidia dereva kukandamiza breki. Mpira wake ukipasuka, mambo mawili hutokea kwa pamoja: silensa hupanda, na breki huwa ngumu. Yaani gari linajisukuma zaidi wakati uwezo wa kulizuia umepungua. Katika miteremko yetu, pikapu ikiwa na magunia nyuma na watu mbele, hali hiyo ni hatari kubwa. Jaribio lake ni rahisi, na hata Katibu aweza kulifanya. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne au tano mpaka iwe ngumu. Ishikilie kwa mguu, kisha washa injini. Kanyagio lenye afya hushuka kidogo chini ya mguu. Lisiposhuka, gari lisitoke uani mpaka litengenezwe.

Hatua ya tano: mlango mdogo. Kama mipira yote ni mizima, mpira unaoipelekea vali ya silensa hewa ubanwe. Silensa ikishuka na kutulia, vali hiyo inapitisha hewa kupita kiasi. Mara nyingi dawa yake ni kuisafisha masizi, wala si kuibadili. Baada ya usafi kompyuta huhitaji muda wa kujifunza upya, hivyo gari liendeshwe kwanza ndipo hukumu itolewe.

Hatua ya sita: umeme. Betri ipimwe: volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa baada ya kupumzika, na kati ya 13.5 na 14.5 injini ikiwaka. Kisha mita ya umeme iwekwe kati ya kichwa hasi cha betri na chuma cha injini, taa zikiwa zimewashwa. Ikionyesha zaidi ya volti 0.2, waya wa ethi ni mbovu au umeota kutu, na habari za vihisio huenda zimepotoka. Katika plagi ya kihisio chenye nyaya tatu panatakiwa pawe na volti karibu 5 za kukilisha.

Hatua ya saba: kihisio chenyewe. Sasa ndipo karani akaguliwe. Kihisio cha joto la maji cha injini nyingi za Toyota huwa na ukinzani wa omu 2,000 hadi 3,000 kikiwa katika nyuzi 20 za Selsiasi, na omu 200 hadi 400 katika nyuzi 80. Kitiwe ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa moto polepole, pamoja na kipimajoto. Ukinzani ushuke bila kurukaruka. Kihisio cha kipepeo hutoa volti chache sana kipepeo kikiwa kimefungwa, katika magari mengi chini ya 1, na zaidi ya 3 kikiwa wazi kabisa. Kati ya hapo zipande taratibu bila kukatika. Kikishindwa jaribio hilo, basi kimehukumiwa kwa haki, na Katibu aweza kuidhinisha ununuzi bila wasiwasi.

6. Jambo la kwetu la milimani

Vitabu vingi vya ufundi huandikwa kwa kufikiria nchi tambarare iliyo karibu na bahari. Sisi tunaishi juu. Usawa wa bahari mgandamizo wa hewa ni yapata kilopaskali 101. Ufukoni mwa Ziwa Viktoria, pale Bukoba, ni yapata 88. Katika vilima vya Karagwe vyenye kimo cha mita 1,500 ni yapata 84 au 85. Kihisio cha mgandamizo kikisomwa huku injini ikiwa imezimwa, kitaonyesha namba hiyo ya kwetu. Fundi anayetegemea 101 atasema kimekufa, kumbe kinasema kweli tupu.

Hali kadhalika maji. Katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kwa hiyo anayejaribu thamostati au kihisio katika sufuria atumie kipimajoto, wala asihesabu mchemko kuwa nyuzi 100. Na kifuniko cha rejeta kisichoshika mgandamizo huleta mchemko upesi zaidi kwetu kuliko pwani. Kabla ya kung'oa thamostati, jaribuni kifuniko.

7. Wajibu wa Katibu na Bodi

Ili mali ya wanachama isipotee kwa kubahatisha, kila chama chenye gari kizingatie haya:

(a) Daftari la safari liwe na nafasi ya malalamiko ya dereva, kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe na kilomita. Katibu alisome kila juma, na malalamiko ya juma moja yasomwe pamoja.

(b) Hati ya malipo ya kipuri cha umeme iambatane na karatasi ya fundi yenye mambo matatu: namba ya hitilafu iliyosomwa, kipimo kilichopatikana, na kipimo kinachotakiwa. Karatasi isemayo "sensa mbovu" peke yake haitoshi.

(c) Kipuri cha zamani kirudishwe chamani kikiwa na kibandiko cha tarehe, na kitunzwe mpaka ukaguzi upite.

(d) Stakabadhi ya mashine ya kodi idaiwe, na muda wa dhamana ya kipuri uandikwe.

(e) Malipo ya mwisho yatolewe baada ya majaribio: injini ipate moto, gari lipande na kushuka kilima, kisha silensa ipimwe na kuandikwa.

(f) Kipuri kikibadilishwa na ugonjwa ukabaki, ununuzi wa pili usiidhinishwe mpaka uchunguzi uanze upya tangu hatua ya kwanza.

Yafaa ieleweke kwamba masharti haya si ya kumtilia shaka fundi. Yanamlinda. Fundi anayepima hulipwa kwa ujuzi wake hata asipouza kipuri chochote, na chama kisione uchungu kulipia saa mbili za uchunguzi. Yule anayelipwa tu anapoleta kipuri, tumemfundisha sisi wenyewe kuleta vipuri.

8. Maswali ya kujadili katika mkutano wa wanachama

1. Gari la chama chenu lilitumia kiasi gani kwa vipuri vya umeme msimu uliopita? Geuzeni kiasi hicho kiwe kilo za kahawa kwa bei mliyolipwa.

2. Vipuri vingapi kati ya hivyo vilithibitishwa kwa kipimo kabla ya kununuliwa?

3. Fundi akileta namba tatu za vihisio vitatu kwa siku moja, mtamwuliza nini?

4. Dereva ameandika "silensa juu" Jumatatu na "breki ngumu" Jumatano. Ni hatua gani ichukuliwe, na ni nani mwenye mamlaka ya kulizuia gari lisitoke?

5. Je, pikapu yenu bado ina thamostati? Nani anajua, na imeandikwa wapi?

Makatibu wanaombwa kusoma somo hili pamoja na madereva wao, kufanya jaribio la kanyagio la breki lililoelezwa katika hatua ya nne kabla ya kuanza kwa ukusanyaji wa kahawa, na kuandika matokeo yake katika daftari la gari.